Injini Iliyogonga na Abiria Mwenye Mkungu

Vijana wa gereji, kabla hamjashika spana zimeni redio. Najua mnaipenda. Mimi pia nilikuwa nayo, tena niliimba juu yake kwa sauti ambayo madereva wa malori waliisikia tangu Nyakahura wakadhani ni honi ya msafara. Lakini huwezi kuisikiliza injini inayogonga huku unamsikiliza mtangazaji wa mpira. Zima redio, weka simu mfukoni, mwombe muuza karanga arudi baadaye, kisha mwambie mwenye gari awashe.

Nimestaafu sasa. Nalima maharage na kufuga mbuzi Nemba, na kwa kuwa mbuzi hawana plagi wala koili, nafasi ya kuandika ninayo. Kuandika nilijifunza ukubwani, shule ya jioni pale Biharamulo mjini, nikitokea kazini na mikono inanuka dizeli. Mwalimu wetu wa Kiswahili alizitambua insha zangu bila kusoma jina, harufu ilitosha. Aliniambia niandike ninavyosema, halafu nifute nusu. Nusu nimefuta. Iliyobaki ndiyo hii.

Aliyenifundisha ufundi ni Mzee Sefu, mtu wa Biharamulo, wa sala tano na maneno machache. Alikuwa na bisibisi ndefu, ambayo mimi nikiisimulia huwa inafikia urefu wa mkuki. Ncha aliigusisha kwenye chuma cha injini, mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akafumba macho. Kisha alikupa na wewe usikilize. "Unasikia nini?" Ukijibu "inagonga", alikutuma ukachote maji, maana jibu hilo hata mwenye gari alikuwa nalo. Alitaka useme inagonga kama nini, na mfano uwe wa nyumbani, kitu ambacho sikio lako limekijua tangu utotoni.

Hivyo gereji yetu ilikuwa na lugha ya jikoni. Tulikuwa na bisi, yaani mahindi yanayolipuka ndani ya sufuria lenye mfuniko. Mlio huo unausikia gari likipanda mlima na mzigo, na ukiachia mafuta unanyamaza. Hapo usiguse chuma. Kagua petroli kwanza, hasa kama ilinunuliwa kwenye chupa za soda kando ya njia. Tulikuwa na cherehani, mlio mwepesi juu ya injini, hizo ni tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu. Kulikuwa na mgeni wa asubuhi, ambaye anabisha hodi injini ikiwa baridi na kutulia ikipata moto. Hiyo ni pistoni iliyochakaa, inatanuka na kujaza nafasi yake. Na kulikuwa na kinu. Kinu ni mlio mzito wa kutoka chini, mchi unashuka, mchi unapanda, na ukiongeza mafuta mtwangaji anaongeza kasi. Tukikisikia kinu, tulivua kofia. Maana yake beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, zimekwisha na injini imenoki, yaani imekufa. Mwenye gari tulimletea kiti kabla ya kumwambia.

Lakini sikio nalo hudanganyika. Fundi mmoja wa Nyakahura, ambaye jina namfichia kwa kuwa bado ana miguu ya kunifuata Nemba, alisikia kinu kwenye pikapu ya kubebea muhogo. Akaishusha injini, akaifungua yote, akavitandaza vyuma kwenye turubai kubwa kama uwanja wa ndege. Beringi zilikuwa nzima. Akafunga, akawasha, kinu kikaendelea kutwanga. Mwishowe dereva, aliyekuwa amechoka kukaa tu, alishika puli ya mbele ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mkono injini ikiwa imezimwa, ikacheza. Bolti moja ilikuwa imelegea. Tangu hapo mimi nilikuwa siamini mlio mpaka nipate mashahidi wengine, na kila shahidi nilimhoji peke yake.

Sasa twende kwenye gari la spoti.

Gereji yetu ilikuwa Lusahunga, ubavuni mwa barabara ya Rusumo. Tuliishi kwa malori na kwa magari ya transiti, yale yanayoshuka melini Dar es Salaam na kuendeshwa na vijana mpaka kwa wenyewe Rwanda au Burundi. Nilikuwa nafanya kazi na Jenista, mhitimu wa chuo cha ufundi, ambaye gereji ilikuwa yake nusu na yangu nusu. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya kupimia, ile unayoichomeka chini ya usukani gari likakusomea maradhi yake. Mimi nilikuwa na bisibisi ya Mzee Sefu. Tukigombana, tulikubaliana kwamba gari ndilo litaamua.

Jumamosi moja asubuhi likaingia gari jekundu, milango miwili, limelala chini kama sahani. Nawaambia ukweli mtupu: kuku wa jirani alitaka kulivuka, akaona si lazima aruke. Lilikuwa safi linameta, limeoshwa mpaka kwenye ringi. Ndani alikuwemo Deo, kijana wa Murusagamba, dereva wa transiti ambaye alikuwa hapiti Lusahunga bila kutusalimia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Deo. Umeleta gari au umeleta kiatu?"

Siku nyingine angenijibu kwa utani mkali zaidi. Siku hiyo alishuka, akafunga mlango taratibu kama wa chumba cha mgonjwa.

"Linagonga, Mzee. Bwana Gasana ananisubiri Rusumo kesho asubuhi. Kama limenoki, mimi kazi sina."

Bwana Gasana alikuwa mfanyabiashara wa magari kutoka Kigali. Deo alimpelekea magari miaka mingi bila mkwaruzo. Kazi hiyo ni ya kuaminiana: unapewa funguo za gari la watu na nchi nzima iko mbele yako. Ukiharibu injini moja, habari inafika bandarini kabla yako, na hakuna atakayekupa funguo tena. Deo alikuwa na mke, watoto, na wadogo zake aliokuwa anawasomesha. Yote hayo yalikuwa yamebebwa na injini ile iliyokuwa inagonga mbele yetu.

"Na huyu mama?" nikauliza.

Maana kwenye kiti cha pembeni alikaa mama wa makamo, kitenge kipya, mkungu wa ndizi umesimama katikati ya magoti yake na majani yake yamemfunika uso.

"Abiria tu," akasema Deo. "Nimempa lifti."

Abiria huyo tulimtoa kwa kumvuta mikono, mimi mmoja na Jenista mwingine, jinsi kiti kilivyokuwa chini. Baada yake ukatoka mkungu. Nyuma, kwenye buti ambayo kiwandani waliitengeneza kwa ajili ya mkoba mmoja na soksi, likatoka gunia la maharage, mfuko wa unga wa muhogo, mkungu wa pili na dumu lililozibwa kwa gunzi. Nilianza kuamini kwamba chini ya gari lile kuna ghala la ushirika. Mama akatusalimu, akaketi kwenye benchi akiwa ameizungushia mizigo yake miguu, kisha akamwita Deo, akamfuta jasho la usoni kwa ncha ya kitenge.

"Hujala tangu jana," akamwambia.

Jenista akanisogelea sikioni. "Mzee, nimepanda mabasi maisha yangu yote, sijawahi kumfuta dereva jasho."

"Labda ni huduma mpya," nikamwambia. "Tufanye kazi."

Fundi huanza kwa maswali, kama mganga wa hospitali. Mlio umeanza lini, umeanzia wapi, umepita barabara gani, umeweka mafuta gani. Deo alijibu haraka haraka. Ulianza karibu na Nyakanazi. Petroli ya kituoni. Barabara ni lami tupu kutoka Dar.

"Mbona nimekuona unatokea upande wa Nyakahura?" akauliza Jenista.

"Nilikuwa nimepitiliza kidogo, nikageuza."

Tukamwacha. Nikazima redio, Deo akawasha injini.

Ko, ko, ko, ko. Sikuhitaji kuinama. Gari limesimama, halina mzigo, halipandi mlima, na linagonga. Kwa hiyo bisi tukaifuta. Mlio ulikuwa mzito, haukuwa juu, cherehani tukaifuta. Tukaliacha liungurume mpaka likapata moto, mgeni wa asubuhi hakuondoka, tukamfuta. Nikachukua bisibisi, nikaanza juu kwenye mfuniko wa tapeti: kimya. Nikashuka ubavuni: kunasikika kwa mbali. Nikalala chini, nikapenyeza ncha karibu na chini kabisa mwa injini, na hapo mchi ukanigonga kichwani hasa.

"Unasikia nini?" akauliza Jenista, na sikupenda kumjibu mbele ya Deo.

"Kinu," nikasema.

Deo alijua lugha yetu. Alikwenda akasimama kwenye nguzo ya umeme, akatugeuzia mgongo.

Ningekuwa yule fundi wa Nyakahura, tungeanza kushusha injini saa ileile. Lakini nimeshawaambia habari ya mashahidi. Shahidi wa kwanza ni mashine ya Jenista. Akaichomeka, akasoma: silinda zote zinafanya kazi, msukumo wa oili uko vizuri, hakuna kosa lililoandikwa. Beringi zikiisha, oili hupata pa kutorokea, na msukumo hushuka. Huu haukushuka.

Shahidi wa pili ni silinda zenyewe. Unachomoa koili moja, ile inayoipa plagi cheche, injini ikiwa inaunguruma, ile silinda inalala, unasikiliza, unairudisha, unakwenda nyingine. Usichelewe, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuharibu eksozi. Kama konrodi moja ina beringi mbovu, ukiilaza silinda yake mlio unapungua au unabadilika, maana hakuna tena mlipuko wa kuisukuma. Tulilaza ya kwanza, ko ko. Tukalaza ya pili, ko ko. Tukamaliza zote na mtwangaji hakujali.

Shahidi wa tatu ni oili. Nikachomoa kijiti, nikapangusia kitambaa cheupe, nikakipeleka juani na kukigeuzageuza. Beringi zinazosagika huacha unga unaometa. Kitambaa kilikuwa na oili safi tu.

Hapo ndipo vijana wengi mnapokosea. Mna majibu manne, moja linasema injini imekufa na matatu yanasema ni nzima, basi mnachagua mnalolipenda na mengine mnayatupa. Usitupe. Mlio upo, nimeusikia. Beringi nazo ni nzima, mashahidi wamethibitisha. Kwa hiyo kuna kitu chini kule kinagonga ambacho si beringi, na kazi yako ni kuuliza kimefikaje.

"Deo," nikaita. "Njoo. Hebu niambie tena. Hukupiga shimo? Hukupita tuta kwa kasi? Gari hili ni la chini mno."

"Lami tupu, Mzee. Haki ya Mungu."

Sasa yule mama, ambaye muda wote alikuwa ananyonyoa majani makavu ya mkungu wake, akainua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, lakini kilimtosha.

"Lami ipi?" akamwambia. "Kwetu kuna lami? Usiwadanganye wazee. Baba zako wadogo wameamka alfajiri siku mbili, wanapanga mawe njia nzima, wanajaza mashimo, ili gari lako lisizame kwenye matope. Leo mawe yao unayaita lami?"

Deo aliangalia viatu vyake.

"Kumbe abiria ana mtoto," akasema Jenista.

"Ana watoto sita," akajibu mama. "Huyu wa pili."

Basi hadithi ikatoka, nusu Kiswahili nusu Kihangaza. Mimi ni Msubi, na Kisubi na Kihangaza ni lugha ndugu, sikupotea sana. Deo alipofika Nyakahura akaacha barabara kuu, jambo ambalo gari la transiti haliruhusiwi kabisa, akakata kuelekea Murusagamba ili mama yake aone gari la namna ile kabla halijavuka mpaka. Alikuwa amempigia simu mapema, na mama akaomba alione. Mama akawaambia shemeji zake, shemeji wakawaambia majirani, na njia ya kuingia nyumbani, ambayo mvua ilikuwa imechimba mifereji, ikapangwa mawe kama msingi wa nyumba. Watu wale wanayajua malori, wanaijua pikapu ya padri, wanazijua pikipiki. Kwao, gari likionewa huruma linapewa mawe ya kukanyagia. Nani angewaambia kwamba duniani kuna gari ambalo adui yake ni jiwe lililopangwa vizuri?

"Na lilifika salama?" nikauliza.

"Lilifika," akasema mama. "Watu wakapiga vigelegele. Padri mwenyewe alikaa ndani, akashindwa kutoka."

"Na wakati wa kuondoka?"

"Binti yangu kajifungua huko Nemba. Nikasema Deo anishushe Lusahunga nipate gari la kwenda. Sasa niende kwa mzazi mikono mitupu? Tukapakia."

Nikamtazama Jenista, naye akaitazama ile mizigo kwenye benchi. Gari lilipita juu ya mawe likiwa na mtu mmoja mwembamba. Lilirudi juu ya mawe yaleyale likiwa na watu wawili, mikungu miwili, gunia na dumu.

"Hamkusikia kitu chini?"

"Tulisikia *ko* moja. Shemeji yangu, aliyekuwa anatusindikiza kwa miguu, akasema ni mkungu umegonga mlango."

Kisha Deo, kwa hofu, aliliosha gari Nyakahura mpaka tope jekundu lote likaisha. Alifuta ushahidi ambao ungeniambia kila kitu kwa mtazamo mmoja. Ndiyo maana nawaambia: mteja akikupa jibu haraka mno, muulize pia aliyekaa kiti cha pembeni.

Tukalipiga jeki, tukaweka stendi. Chini kulikuwa na plastiki pana inayofunika tumbo la injini, na kwa nje ilionekana imekwaruzwa kidogo tu. Plastiki ina tabia hiyo: inabonyea, inapigisha kilicho nyuma yake, halafu inarudi kama vile haikuwepo. Tukaifungua. Nyuma yake kulikuwa na sampo, lile bakuli la oili linalofunga injini kwa chini, na limeingia ndani kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Nikaweka spana kwenye bolti ya kranki, nikazungusha injini kwa mkono polepole. Kila mzunguko, mahali palepale, mkono ulihisi kitu kinakwaruza kidogo, kisha kinaachia. Kranki ilikuwa inapita ikikipiga kikofi kile kibonyeo.

Deo akachuchumaa karibu yangu. "Kwa hiyo haijanoki?"

"Sijui mpaka tufungue. Kama chujio la kunyonyea oili halijapinda, na kranki haijaumia, tunanyoosha sampo na kwaheri."

"Basi tufungue. Tunyooshe kimya kimya, turudishe plastiki. Nani ataona?"

"Gari la nani?" nikamuuliza.

"La Bwana Gasana."

"Basi mpigie. Sifungui injini ya mtu ambaye hajui kama imefunguliwa."

"Mzee, nikimpigia nimekwisha."

Jenista akajifuta mikono. "Deo, kaka yangu, sikiliza. Sampo hiyo ikirudi itafungwa kwa gundi mpya ya silikoni. Gari limetoka melini, lina silikoni mbichi tumboni. Fundi wake akiinama mara moja tu anakuuliza, na siku hiyo utakuwa umevunja mambo mawili."

Deo akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Bwana Gasana, habari za asubuhi."

"Nzuri, Deo. Uko wapi?"

"Niko Lusahunga."

"Jana jioni uliniambia uko Nyakahura. Gari langu linakwenda kinyumenyume?"

Mama akainuka kwenye benchi, akasema, "Lete hapa," akaichukua simu kama anavyomchukua mtoto kwa mtu asiyejua kubeba.

Kihangaza cha mama na Kinyarwanda cha Bwana Gasana vinafahamiana vya kutosha kuelewana hata katika ugomvi. Nami niliokota mengi. Alijitambulisha kwanza, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, akasubiri majibu yote. Ndipo akamwambia kwamba mawe ni ya shemeji zake na ndizi ni zake, waliyapanga kwa heshima ya gari lake, na mwanawe alikwenda kwa sababu mama ndiye aliyemwomba. "Lakini kosa lake analo," akamalizia. "Amewaambia mafundi mimi ni abiria."

Bwana Gasana akalishika neno hilo.

"Alisema wewe ni abiria?"

"Amesema."

"Hilo ni baya kuliko injini," akasema Bwana Gasana, kwa Kiswahili, ili sote tusikie. "Deo yupo hapo?"

"Nipo, bosi."

"Ungenieleza jana, ningekasirika jana. Sasa nakasirika leo, na hasira ya leo imeongezewa usiku mzima. Nipe fundi."

Nikachukua simu. Akaniuliza maswali ya mtu anayeyajua magari: sampo ni ya bati au ya aluminiamu, msukumo wa oili ukoje, ameliendesha kwa muda gani likigonga. Nikamjibu nilichokijua, na nisichokijua nikasema sikijui. Akasema tufungue, tumtumie picha ya kila hatua kabla ya kufunga, na kesho nije mwenyewe Rusumo pamoja na Deo.

"Nitaliendesha mimi, mlimani. Nikisikia kitu, kijana atarudi kwao kwa basi na asiniombe funguo tena."

Mama tulimpatia pikapu ya kwenda Nemba, yeye na ghala lake. Alimwachia Deo kichane cha ndizi na amri ya kula. Sisi tukalala chini ya gari.

Hii sehemu ishikeni vizuri. Mwaga oili kwenye beseni safi, uikague chini yake kama kuna vipande vya chuma. Legeza bolti za sampo kwa kukatisha, pembe hii kisha pembe ile, isije ikapinda zaidi. Sampo ile ilikuwa ya bati. Ingekuwa ya aluminiamu ingepasuka, na Deo angekuwa ameacha mstari wa oili kutoka kwa mama yake mpaka kwetu. Ndani ya kibonyeo kulikuwa na alama inayong'aa, mahali kranki ilipokuwa inalamba. Jenista akashika konrodi moja moja, akazitikisa juu na chini: hakuna iliyocheza. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kranki uliokuwa unagusa, akakuta mkwaruzo mdogo usio na jino. Chujio la oili lilikuwa limekoswa kwa upana wa ukucha. Picha zikaenda Kigali, na baada ya muda jibu likarudi: endeleeni.

Kunyoosha bati la sampo ni kazi ya subira. Tuliilaza juu ya mfuko wa mchanga, tukaweka kipande cha mti, tukagonga kwa nyundo ya mpira kuanzia pembeni kwenda katikati. Ukianza katikati unalivuta bati, litachanika. Tukaijaza petroli kidogo kuangalia kama inavuja, tukaikausha, tukasafisha midomo yote miwili mpaka ikawa kama sahani za harusi, tukapaka silikoni mstari mwembamba. Mwembamba, jamani. Silikoni ikizidi inaingia ndani, inakwenda kuziba chujio, na umemuua mgonjwa uliyemponya. Kisha tukaiacha ikauke, na Deo alikuja kuiangalia kila aliponyanyuka, kana kwamba hukauka kwa kutazamwa.

Jioni tukaweka oili mpya. Deo akawasha. Injini ilikuwa inanguruma laini, kama paka aliyeshiba. Deo alikata ndizi moja kwenye kile kichane, akala na ganda nusu.

Kesho yake tukaenda Rusumo, mimi nimekaa kiti cha abiria magoti yakinigusa kidevu. Bwana Gasana alikuwa upande wetu wa mpaka, mtu mfupi, koti jeusi, hana haraka. Tulipomsalimia aliitikia, akanyoosha mkono kwa Deo, akapokea funguo. Akaingia, akarekebisha kiti, akaondoka kurudi tulikotoka, kwenye ule mlima mrefu ambao malori hupanda kwa gia ndogo.

Tulibaki kando ya barabara. Malori yaliyosubiri kuvuka yalikuwa yananguruma, sikuweza kusikia hata mawazo yangu. Deo aligeuza kichwa huku na huku akitafuta sauti moja katikati ya sauti zote.

"Mzee, unalisikia?"

"Bado."

"Amekaa sana."

"Mlima ni mrefu."

Likatokea kwenye kona, jekundu, likishuka taratibu. Likasimama mbele yetu. Bwana Gasana hakuzima. Alifungua boneti, akainama, akasikiliza upande huu na upande ule, akamwomba dereva wa lori lililokuwa karibu azime injini yake kidogo, naye akazima, na wenzake kwenye foleni wakamfuata. Kisha akafunga boneti kwa viganja viwili, akazima injini na kuchomoa funguo.

"Mama alifika Nemba?" akamuuliza Deo.

"Alifika, bosi. Mtoto ni wa kike."

"Vizuri. Kuna gari jingine linashuka melini mwezi ujao. Utakwenda kulichukua. Ukiacha lami tena sitakupigia wewe, nitampigia mama."

"Afadhali unifukuze," akasema Deo, na hapo ndipo nilipomwona anacheka.

Bwana Gasana akamrushia funguo. Deo akazidaka kwa mikono miwili, akaingia kwenye usukani, bosi wake akakaa kiti cha pembeni. Wakaingia darajani nyuma ya lori la mbao. Yule dereva wa lori na wenzake walikuwa bado hawajawasha, kwa hiyo nililisikia gari lile vizuri mpaka lilipofika ng'ambo. Halikugonga.